Toleo Maalumu na Mhariri Anayeweza Kukataa

Kisa cha Alan Sokal kimesimuliwa mara nyingi, lakini wasimulizi wengi huliruka jambo moja. Mwishoni mwa 1994 mwanafizikia huyo wa Chuo Kikuu cha New York alipeleka kwenye jarida la Social Text makala aliyoijaza upuuzi kwa makusudi, akichanganya fizikia ya mvutano na istilahi za nadharia ya utamaduni. Wahariri hawakuikimbilia. Waliona ina maneno mengi, wakamwomba apunguze falsafa na tanbihi, akagoma, nao wakamhesabu kuwa miongoni mwa waandishi wasumbufu. Makala ikalala. Kilichoiamsha ni toleo maalumu: jarida lilikuwa linaandaa toleo kuhusu kile kilichoitwa vita vya sayansi, na makala ya mwanasayansi wa kweli ingefaa sana ndani yake. Ikachapishwa mwaka 1996, na haukupita muda Sokal akatangaza kupitia jarida jingine, Lingua Franca, kwamba ule ulikuwa mtego.

Wengi hukitumia kisa hicho kuwacheka wanazuoni wa utamaduni. Mimi kinanivutia zaidi kwa upande wa uhariri. Mada ikishatangazwa, huacha nafasi zinazodai kujazwa, na makala ambayo ingekataliwa kama ingekuja peke yake hupata mlango kwa sababu inaziba pengo. Social Text wakati huo halikuwa na utaratibu wa kupeleka makala kwa wapitiaji wa nje, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa pili wa kusema hapana. Ndiyo maana nadhani swali la kuuliza kuhusu toleo maalumu lolote, kabla hata ya kusoma makala zake, ni hili: mhariri wake alikuwa na uwezo wa kukataa? Uwezo huo huvamiwa na maadui wawili, pesa na kujuana. Pesa imeandikwa sana. Kujuana hakujaandikwa vya kutosha, nako ndiko kunakotubana zaidi sisi wa huku.

Kwa asiyeujua utaratibu: jarida la kitaaluma kwa kawaida hupokea makala kutoka popote, kila moja ikija kivyake, na mhariri mkuu pamoja na bodi yake ndio waamuzi. Kwenye toleo maalumu, mtu wa nje, au wawili watatu, huliendea jarida na pendekezo: tuna mada hii, waandishi hawa, ikisiri hizi, tunaomba toleo zima. Likikubaliwa, wanakuwa wahariri waalikwa. Wao ndio watakaotangaza wito wa makala au kuwaita wanaowajua, watakaotafuta wapitiaji, watakaosoma ripoti na kuwarudisha waandishi mezani, na mwisho watakaoandika utangulizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jarida linampata mtaalamu wa eneo ambalo bodi yake haina mtu, na linapata kazi iliyokwisha kukusanywa. Mgeni naye anapata jina na nafasi ya kuelekeza mjadala.

Wala si utaratibu wa pembeni. Philosophical Transactions la Royal Society ya London, lililoanza 1665 na ambalo ndilo jarida la sayansi lenye umri mkubwa kuliko yote yanayoendelea kutoka, siku hizi hujengwa kwa matoleo ya mada yanayoandaliwa na wahariri waalikwa, katika mikondo yake yote miwili. Anayesema toleo maalumu ni njia ya mkato kwa asili yake, aanze ubishi na hao.

Pendekezo zuri hutambulika kwa swali lake. Mengi huja na mada tu: lugha na utandawazi, vijana na teknolojia, fasihi na jamii. Mada za namna hiyo ni kama soko la Kariakoo. Kila mtu ataingia, atachukua chake na kuondoka, na hakuna atakayelazimika kuzungumza na jirani yake. Swali ni jambo jingine. Chukua hili: kwa nini Sheng inatumika waziwazi katika matangazo ya biashara nchini Kenya huku walimu wengi wakiendelea kuiona kuwa uharibifu wa lugha? Mwanaisimu anaweza kulijibu, mtafiti wa masoko anaweza, mwalimu wa sekondari anaweza, na majibu yao yatagongana. Zaidi ya hayo, swali humpa mhariri sababu ya kukataa isiyomdhalilisha mtu. Anaweza kumwandikia mwandishi kwamba makala yake ni nzuri ila haijibu swali letu, na akawa anasema kweli. Mwenye mada pana hana sababu hiyo. Kila kinachokuja kinaingia, au kinakataliwa kwa ubovu, na hakuna apendaye kuandika barua ya pili.

Mfano ninaourudia ni toleo la Critical Inquiry la mwaka 1985, ambalo mhariri wake mwalikwa alikuwa Henry Louis Gates Mdogo. Liliuliza dhana ya rangi ya watu inafanya kazi gani ndani ya maandishi, na neno lenyewe likafungiwa kwenye alama za nukuu katika kichwa cha toleo, msimamo tosha kabla ya ukurasa wa kwanza. Kwame Anthony Appiah aliandika humo akihoji mawazo ya W.E.B. Du Bois kuhusu uhalisi wa rangi kama jambo la kibiolojia. Jacques Derrida aliandika kuhusu ubaguzi wa Afrika Kusini, na mwaka uliofuata Anne McClintock na Rob Nixon wakamjibu kwamba amelitazama neno akaisahau historia, naye akawajibu kwa ukali. Majibizano hayo yaliingizwa kwenye kitabu kilichotokana na toleo hilo mwaka 1986. Kitabu hicho kimesomeshwa kwa miongo kadhaa, na naamini sababu mojawapo ni kwamba ugomvi haukufichwa.

Karibu na nyumbani, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,000, Peter Kagwanja na Roger Southall walihariri toleo la Journal of Contemporary African Studies lililotoka 2009 kuhusu mgogoro huo, na mwaka uliofuata likachapwa kama kitabu. Hapa faida ilikuwa ya aina nyingine. Makala za tukio kama lile zingetawanyika katika majarida kumi, nyingine zikitoka baada ya uchaguzi uliofuata. Zilipokusanywa, mwalimu wa siasa aliweza kumpa mwanafunzi kitu kimoja, na mwanafunzi akaona jinsi suala la ardhi, la vyama na la tume ya uchaguzi yalivyoshikana. Toleo maalumu likifanya kazi yake, makala moja huisahihisha nyingine.

Ndani ya pendekezo, mhariri mkuu huangalia mambo ya kawaida: ikisiri, majina, ratiba, urefu. Katika taaluma za binadamu na jamii toleo huwa na makala sita hadi kumi hivi, za maneno elfu saba au nane kila moja, na kutoka pendekezo hadi chapa ni kazi ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Anayeahidi miezi sita ama hajawahi kuifanya kazi hii, ama hana nia ya kuwasumbua wapitiaji. Huangaliwa pia kama waandishi wote wametoka idara moja, au wote walikuwa kwenye kongamano moja. Hilo la kongamano ni mtego wa zamani. Watu wamekutana siku tatu Zanzibar au Eldoret, wamesikilizana vizuri, wamekula pamoja, na jioni ya mwisho mtu anasimama na kusema hizi tuzitoe kama toleo maalumu, wanapiga makofi. Lakini hotuba ya dakika ishirini haijawa makala, na aliyepigiwa makofi hukaa na imani kwamba ameshakubaliwa. Ni afadhali kuwaita waandishi wachache wanaobeba uti wa mgongo wa swali, kisha kutangaza wito kwa wengine wote na kuwapitisha wote kwenye tundu lile lile la sindano. Mhariri mwalikwa aite kumi, akitarajia sita. Mwenye kuita sita akitarajia sita ameshapoteza uwezo wa kukataa kabla hajasoma chochote.

Mapitio ndiyo jembe analokabidhiwa mgeni siku ya tatu. Kila makala inataka wapitiaji wawili, na kwa kila anayekubali kuna kadhaa waliokataa au wasiojibu barua. Hapo ndipo uvivu mmoja hujitokeza: waandishi wa toleo hupewa makala za wenzao kuzipitia. Inaokoa muda kweli. Inaleta pia hali ambayo kila mpitiaji anajua kwamba yake iko mikononi mwa mwenziwe. Zamani mwandishi mmoja mchelevu aliweza kulizuia toleo zima. Sasa wachapishaji wengi huziweka makala mtandaoni moja moja kadiri zinavyokamilika, toleo likaunganishwa baadaye. Nafuu hiyo ina gharama yake. Utangulizi huandikwa kabla makala zote hazijatulia, na huonekana. Husemwa makala ya kwanza inajadili hili, ya pili inajadili lile, ya tatu inaendeleza, hadi mwisho, kama orodha ya mahudhurio darasani. Utangulizi wa mhariri aliyekataa baadhi ya makala huwa tofauti, kwa sababu amelazimika kujieleza, walau mwenyewe kwa mwenyewe, kwa nini hizi zilibaki.

Sasa pesa. Mchapishaji anapolipwa na msomaji au maktaba, makala mbaya humharibia biashara. Anapolipwa na mwandishi, ada ambayo inaweza kuzidi dola 2,000 kwa makala moja, kila makala inayokubaliwa ni mapato na kila inayokataliwa ni hasara. Toleo maalumu likawa mashine ya kuongeza mapato hayo: badala ya kusubiri makala, unawaalika wahariri kwa maelfu, nao wanawaalika rafiki zao. Wahadhiri wengi, Dar es Salaam hata Kampala, wameshapokea barua pepe inayowatukuza kwa uprofesa wasiokuwa nao na kuwaomba wahariri toleo la fani wasiyoisomea.

Matokeo yake yalionekana wazi kwa kampuni ya uchapishaji ya Hindawi. Kampuni ya Wiley iliinunua Januari 2021 kwa dola milioni 298. Mwishoni mwa 2022 ililazimika kusimamisha matoleo yake maalumu kwa takribani miezi mitatu baada ya kugundulika kwamba baadhi ya wahariri waalikwa na wapitiaji walikuwa sehemu ya viwanda vya makala, yaani vikundi vinavyotunga tafiti za uongo na kuuza nafasi za uandishi. Machi 2023 Clarivate, wanaotunza Web of Science, waliyaondoa majarida 19 ya Hindawi kwenye orodha yao. Kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya makala 8,000 za Hindawi zilikuwa zimebatilishwa, nyingi mno zikiwa zimepitia mlango wa matoleo maalumu, na Wiley ikatangaza kuliacha jina la Hindawi kabisa. Fedha iliyotegemewa kutoka kwenye mlango huo iligeuka hasara ya mamilioni.

Si wachapishaji wa aina hiyo peke yao walioumwa. Mwaka 2020 wahariri wa Journal of Nanoparticle Research, jarida la Springer, walieleza jinsi watu walivyojifanya wanasayansi mashuhuri kwa kutumia anwani za barua pepe zinazofanana na za vyuo halisi, wakapendekeza toleo maalumu, wakakubaliwa. Zilipokewa makala 80 hivi, na 19 zilikuwa zimeshachapishwa kabla ya mtu kushtuka. Mwaka uliofuata Arabian Journal of Geosciences lilibatilisha makala 44 zilizotoka kwenye mikusanyo ya mada. Mojawapo ya zile zilizozua kicheko iliunganisha usawa wa bahari na ufundishaji wa mazoezi ya aerobiki maeneo ya pwani. Ukiisoma ikisiri yake unajiuliza kama kuna mtu yeyote aliyeisoma kabla yako. Huo ndio ushahidi niuonao mzito zaidi: hapakuhitajika mtaalamu wa jiolojia kuikataa, alihitajika msomaji.

Sheria zimefuata. Orodha ya majarida huria, DOAJ, inataka mhariri mkuu abaki mwenye dhamana ya kila toleo maalumu, sifa za wahariri waalikwa zihakikiwe, na makala za wahariri waalikwa wenyewe zipitiwe na watu wengine na zisizidi asilimia 25 ya toleo. COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, nayo imetoa mwongozo wake. Mfuko wa utafiti wa Uswisi ulikwenda mbali zaidi: tangu Februari 2024 haulipii ada za makala zilizomo kwenye matoleo maalumu. Nadhani Waswisi wamekata mti kwa sababu ya tawi, maana toleo la Philosophical Transactions linaadhibiwa sawa na lile la aerobiki. Hata hivyo naelewa walikofika. Mfadhili hawezi kusoma kila utangulizi.

Sheria hizo zote zimeandikwa zikimlenga mgeni asiyejulikana, tapeli mwenye anwani bandia. Kwetu shida ni mgeni anayejulikana na kila mtu. Tazama uwanja wa taaluma za Kiswahili. Una majarida yake ya heshima: Kiswahili, ambalo mizizi yake ni jarida la Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 na ambalo leo liko chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mulika na Kioo cha Lugha ya hapo hapo, Swahili Forum la Ujerumani, lililoanza 1994. Lakini watu wenyewe ni wachache. Aliyekusimamia tasnifu ndiye mpitiaji wako, mwanafunzi wako wa jana ni mhariri wa leo, na mkutano wa chama cha taaluma huwaleta wote chini ya paa moja kila mwaka. Jina likifutwa kwenye makala ya vitendawili vya kijiji fulani, mpitiaji bado anamjua mwandishi kwa kile kijiji.

Katika hali hiyo, fikiria mhadhiri kijana aliyepewa toleo kulihariri, na miongoni mwa makala zilizoletwa ipo ya profesa aliyemfundisha shahada ya kwanza. Makala ni ya zamani, imepakwa rangi mpya, marejeo yake yanaishia miaka ya tisini. Wapitiaji wawili wamesema haifai. Sasa aandike. Mtu anayempa shikamoo kila wakikutana ukumbini, anamwandikiaje kwamba imekataliwa? Wengi hawaandiki. Wanaomba marekebisho madogo, wanayafanya wenyewe usiku, na makala inatoka. Hakuna senti iliyopita mkononi kwa mtu, na matokeo ni yale yale ya kiwanda cha makala: kitu ambacho wapitiaji wamekikataa kimechapishwa. Ukiongeza kwamba kupanda cheo vyuoni hutegemea machapisho, ombi la mwenzako aliyebakiza makala moja afikie uhadhiri mwandamizi lina uzito ambao hakuna mwongozo wa kimataifa unaoujua.

Dawa si kuacha adabu. Adabu ni mali yetu, na mhariri mkavu asiyejua kuandika barua ya heshima hatamaliza toleo lake la kwanza. Kinachosaidia ni kumwondolea kijana mzigo wa saini. Barua ya kukataa itoke kwa mhariri mkuu, kwa jina la bodi, ikiambatana na ripoti za wapitiaji neno kwa neno. Mhariri mwalikwa aseme tangu kwenye pendekezo ni waandishi gani waliwahi kumfundisha, kumsimamia au kuandika naye, na makala zao zishughulikiwe na mtu mwingine. Na wapitiaji watafutwe mbali. Kiswahili kinafundishwa na kutafitiwa Napoli, Bayreuth na Osaka; mpitiaji wa huko hatakutana na profesa kwenye kantini ya chuo wiki ijayo. Wapo watakaolalamika kwamba tunawarudishia wageni hukumu ya lugha yetu. Hofu hiyo nisingeipuuza, na ndiyo maana mmoja wa wawili hao abaki wa hapa. Lakini wa mbali akiondolewa kabisa, tunabaki na hukumu ya jamaa juu ya jamaa.

Kuna upande wa pili wa kujuana, usiosemwa hadharani. Matoleo mengi kuhusu Afrika Mashariki hupendekezwa na watu walio Ulaya na Marekani, kwa sababu wao ndio wanaozijua bodi, ndio walio na ruzuku ya warsha ya kuwakutanisha waandishi, na ndio waliopata mafunzo ya kuandika pendekezo. Msomi wa Dodoma au Bujumbura huitwa mwishoni kuongeza sura, akapewa wiki tatu. Hapo kukataa kuna sura nyingine: makala yake inarudishwa kwa sababu haikunukuu vitabu ambavyo maktaba yake haina. Mhariri mwalikwa mwenye haya angetuma vitabu hivyo kwanza. Mwenye haya zaidi angeshirikiana na msomi huyo tangu siku ya pendekezo, majina mawili juu ya barua moja, kwa kuwa swali lililotungwa Nairobi na London pamoja huwa na makali ambayo lililotungwa London peke yake halina.

Inabaki hali ambayo wahariri waalikwa huiogopa kuliko zote. Umeita kumi, wanne hawakuleta, watatu wamekataliwa na wapitiaji, na toleo limebaki na makala tatu. Wengi hapo hurudi kwenye zile tatu zilizokataliwa na kuanza kuzihurumia. Majarida mengi yana njia nyingine, nayo ni kugeuza toleo kuwa sehemu maalumu ndani ya toleo la kawaida: makala tatu chini ya kichwa kimoja, na utangulizi wa kurasa chache. Waandishi wa hizo tatu hawapotezi chochote, makala zao zinasomwa na kunukuliwa vile vile. Anayepungukiwa ni mhariri, ambaye jina lake halitakaa kwenye jalada.